Kipaza Sauti cha Mzee Peniamina

Jumatatu ya kwanza baada ya kumzika mzee Peniamina tulikuwa watano kwenye mkutano wa mtandaoni, lakini kompyuta ikahesabu sita.

"Nani ameingia mara mbili?" akauliza Sieni, mkuu wetu pale ofisini Apia. "Kama ni wewe, Fetu, toka kwenye simu, unatuchanganya."

Sikuwa mimi. Kisanduku cha sita kilikuwa cheusi, hakina jina, kipaza sauti chake kimepigwa mstari mwekundu. Tukakiacha. Mkutano ukaisha kwa dakika ishirini, kama kanuni zilivyotaka.

Kanuni hizo Sieni alizileta kutoka Auckland, alikopelekwa kujifunza kuendesha mikutano ya mtandaoni. Simlaumu sana, maana mikutano yetu ilikuwa mirefu kuliko mahubiri. Sisi husambaza dawa kwenye zahanati za visiwani, na kila Jumatatu saa tatu asubuhi tulianza kwa sala, zikafuata salamu, ukoo wa kila mtu ukitajwa kwa heshima zake, chai ikipoa mezani. Sieni akafuta sala, akafuta na salamu. Kila mtu dakika mbili. Zikiisha, anazimwa sauti.

Sote tulizoea, isipokuwa mzee Peniamina, mtunza ghala la dawa kule kisiwani Savai'i. Alikuwa msemaji wa kijiji chake tangu ujanani, na msemaji wa kwetu haanzi na haja. Haja huja mwisho, baada ya heshima. Jumatatu moja akatokea na shati lake jeupe, sauti ndogo kuliko siku zote, kiganja kifuani.

"Nawasalimu wenye nyumba, nausalimu ukoo wa kila mmoja wenu..."

"Mzee, dakika mbili," akasema Sieni.

"Nakuja, mwanangu. Nausalimu na ukoo wa..."

Sieni akamzima. Midomo ikaendelea kucheza bila sauti, maskini, naye hana habari, anatusalimu mmoja mmoja. Watu wakacheka. Mimi nilituma kile kikatuni cha uso unaotoa machozi kwa kicheko, kisha nikaandika kwenye kumbukumbu, maana ndiyo kazi yangu: *Mzee Peniamina, hana hoja.* Mungu anisamehe.

Jumatano akafa. Walimkuta ameketi mlangoni pa ghala. Ufunguo haukuonekana, ikabidi kufuli livunjwe. Mazikoni mjane wake, mama Akenese, alimshika Sieni mkono.

"Alisema hawezi kuondoka mpaka kwanza aseme nanyi. Alisema nini?"

"Mtandao ulikuwa mbaya, mama. Hatukumsikia."

Akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatatu ya pili kisanduku cheusi kilikuwa na shati jeupe ndani yake, na ofisini kukanukia mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka mzee. Ya tatu ikatokea midomo. Sieni akamtoa mkutanoni, naye akarudi. Akamtoa tena, akarudi. Akaizima kompyuta, akachomoa waya, akaifunika kwa kanga yake ya kiunoni, na bado chini ya kile kitambaa tulisikia mtu akivuta pumzi, taratibu, kama mzee anayejiandaa kusema jambo refu na ambaye safari hii hana haraka hata kidogo.

Kisha sauti ya Sieni ikaanza kukatika. Mwanzoni neno moja moja. Jumapili, kwenye chakula cha mchana baada ya kanisa, alikuwa akiombea chakula, mwanawe akamvuta nguo: "Mama, mbona unachezesha midomo tu?"

Alinipigia jioni ile. Ilibidi nizibe sikio la pili ili nimsikie.

"Nenda kwa mama Akenese," nikanong'ona. "Savai'i nzima hakuna mganga anayemfikia kwa mambo ya wafu."

"Nimwambie nini, Fetu? Kwamba mumewe ananimeza sauti kwa sababu nilimzima, kisha nikamdanganya makaburini?"

"Mwambie hivyohivyo, ungali unaweza kusema."

Jumatatu tulipanda meli ya alfajiri. Alibeba mkeka laini wa ukoo wake. Mimi nilibeba ile kompyuta ya ofisi mkobani. Alipofika uwanjani mbele ya nyumba ya marehemu, akaketi juani, akajifunika mkeka kichwa na mwili, kama aketivyo mkosaji kwetu, akisubiri aliyekosewa aje amfunue au amwache hapohapo. Kijiji kikatoka kutazama. Mama Akenese alikuwa akisuka. Tulimwona vizuri, nyumba haina kuta. Hakuinua uso.

"Mama," ikatoka sauti chini ya mkeka, nyembamba mno. "Mtandao haukuwa mbaya. Nilimzima mimi. Alikuwa anatusalimu."

Ikapiga saa tatu, saa ya mkutano wetu. Ndani ya mkoba begani kwangu, kwenye kompyuta iliyozimwa, mtu akakohoa, na mafuta ya nazi yakanukia. Nikakaa chini na mkoba wangu, na ile sauti ikaanza kuusalimu ukoo wa Sieni, na wa wenzetu wote wa ofisini, na wangu, babu zangu kwa majina, kwa heshima ambayo hakuna mtu hai aliyewahi kunipa, ikaenda, ikaenda, jua likipanda, na hapakuwa na mtu aliyethubutu hata kufukuza nzi, mpaka ikafika mwisho.

"Haja yangu ni ndogo. Kifua kinanibana. Naomba ruhusa niende hospitali, na mtu apokee ufunguo, nisiache dawa za watu bila mlinzi."

Mama Akenese alikuwa amesimama, analia. "Mjibuni. Anangoja tangu siku ile."

"Nenda, baba," akasema Sieni. "Nimeupokea mimi."

Harufu ya mafuta ikapotea. Mama Akenese akaufunua mkeka. Sieni alikuwa amekinga viganja, na ndani yake ulilala ufunguo wa ghala, umelowa jasho kama ulioshikwa kiganjani muda mrefu.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema mama, na Sieni akajibu kwa sauti yake nzima, ile ya zamani. Kisha mama akanigeukia mimi, akanitazama muda mrefu.

"Kuna mwingine mwenye neno?"

Nilikumbuka kile kikatuni. Nilikumbuka kichwa changu kilivyoitikia mazikoni. Lakini kijiji kizima kilikuwa kinatazama, nami nikaona aibu. Nikatazama chini.

"Hana hoja," akasema mama Akenese, akarudi kwenye ususi wake.

Sikuwahi kumwonyesha mtu kumbukumbu zile. Siku hizi mikutano yetu huchukua saa mbili, tunasali, tunasalimiana, na Sieni hamzimi mtu. Watu husema mzee amepumzika.

Lakini Jumapili iliyopita nilikuwa naombea chakula, na binti yangu akaniangalia kwa hofu. "Baba," akasema, "mbona unachezesha midomo tu?" Ndiyo maana haya yote nimeyaandika.