Jino Jeusi Kwenye Chujio la Tui

Sogea hapa. Kaa vizuri. Leo tuna habari za Somoe, na Somoe hacheki.

Somoe ana miaka sita. Anakaa na mama yake na kaka yake, Mfaume. Nyumba yao imeezekwa kwa mabati, na nyuma yake kinapita kijito cha Namkongo.

Ulikuwa msimu wa mvua. Mawingu mazito, kuku wamejikunyata jikoni. Mvua asubuhi, mvua jioni. Ti, ti, ti, juu ya bati.

Siku moja mvua ilipumzika kidogo. Somoe akaenda kijitoni kuosha sufuria, huku anatafuna hindi la kuchoma. Kram, kram, kram... kru!

Jino la mbele liling'oka. Likaruka. Likaangukia majini. Chubwi!

"Jino langu!" akalia Somoe. Maji yalikuwa ya tope, rangi ya chai ya maziwa. Jino halikuonekana tena.

Sasa sikiliza. Kwa kina Somoe, jino likitoka halipotezwi ovyo. Mtoto anasimama uani, analirusha juu ya bati, anasema:

"Bati, bati, shika la zamani!
Nipe jipya, nipe la thamani!"

Mfaume alirusha yake yote. Yote yakaota, makubwa kama ya sungura.

"Wewe utarusha nini?" Mfaume akamuuliza. "Huna jino! Basi jingine halioti. Utakuwa kibogoyo mpaka uzeeke!"

Alisema kwa utani, lakini Somoe aliogopa. Aliogopa kwelikweli. Akafunika mdomo kwa mkono.

Tangu siku hiyo hakucheka. Shuleni wenzake waliimba, yeye hakuimba. Nyumbani alikula kwenye kona, kimya, ameupa ukuta uso.

Siku ya kwanza alichukua chujio la tui la mama yake. (Usimwambie mama.) Akashuka kijitoni. Akazoa mchanga, akachekecha.

Chwa, chwa, chwa.
Tope tupu. Jino hakuna.

Siku ya pili mvua ilimnyeshea mgongoni. Alipata konokono mmoja, na kifungo cha shati.

Chwa, chwa, chwa.
Tope tupu. Jino hakuna.

Siku ya tatu miguu iliganda kwa baridi. Somoe akataka kurudi nyumbani. Akasema, "Mara moja tu. Ya mwisho."

Chwa, chwa, chwa...
Tik!

Kitu kilikuwa kwenye chujio. Kidogo. Cheusi. Kinang'aa. Kina pembe tatu, kama sambusa.

Somoe alikitazama sana. Lilikuwa jino! Lakini lake lilikuwa jeupe. "Basi ni tope," akajiambia. "Tope limelipaka rangi."

Hakufurahi sana. Hata hivyo alikimbia mpaka uani, akalirusha juu kwa nguvu zake zote.

"Bati, bati, shika la zamani!
Nipe jipya, nipe la thamani!"

Ko! Ko! Ko! Jino likatulia juu ya bati.

Jioni mvua kubwa ilirudi. Maji yakashuka kwenye mchirizi, yakaingia kwenye ndoo ya mama. Somoe alikuwa mlangoni. Akasikia: Tang!

Akachungulia ndani ya ndoo. Jino jeusi lilikuwa chini, linamtazama.

"Bati limelikataa," alinong'ona Somoe. Machozi yakamdondoka, tone moja moja, humohumo ndani ya ndoo.

Kesho yake alikuja Bi Arafa. Bi Arafa huuza papa mkavu, anapita nyumba kwa nyumba na kapu kichwani. Ukimsikia mbwa wake anabweka, ujue Bi Arafa yuko karibu.

"Shikamoo, Bi Arafa," alisema Somoe, mkono mdomoni.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaniamkia kama mtu aliyemeza nzi?"

Somoe akamsogelea. Alinyoosha mkono mwingine, akaufungua. Jino jeusi likaonekana.

"Ala!" alisema Bi Arafa. Akatua kapu. Akatoa kichwa cha papa, kikavu, kimefunua kinywa. "Kaa hapa. Tulinganishe."

Wakakaa barazani, na mama akaja kutazama.

"Jino la papa wangu lina pembe tatu. Lako je?"

"Lina pembe tatu."

"Langu lina shina pana, hapa lilipokaa kwenye ufizi. Lako je?"

"Lina."

"Pitisha kidole ukingoni. Taratibu, usijikate."

Somoe akapitisha kidole. "Linakwaruza. Kama msumeno."

"Na la papa wangu?"

"Linakwaruza vilevile."

"Basi hili si lako, mwanangu. Hili ni jino la papa."

Somoe alishangaa. "Mbona jeusi?"

"Limekaa ardhini miaka mingi mno, mpaka likawa jiwe. Walikuja watu na machekeche yao makubwa, mwaka juzi, wakaokota meno mengi kama hili hapo chini kijitoni. Walinionyesha."

"Papa alifikaje Namkongo?"

"Hakuja. Alikuwa kwake. Hapa palikuwa bahari, kabla ya nyumba hii, kabla ya watu wote."

Somoe alitazama ua. Alitazama kuku. Halafu alikumbuka jambo.

"Bi Arafa! Mimi nililirusha juu ya bati! Nikaomba jipya! Nitaota jino la papa!"

Akalia kwa sauti. Mdomo ukawa wazi, pengo lote nje, wala hakulifunika. "Na langu limepotea! Nitaota la papa, au nitakaa kibogoyo!"

Mama akamvuta, akampakata. "Kumbe ndilo lililokukaa rohoni siku zote hizi? Pole, mwanangu."

Bi Arafa alitaka kucheka. Akajizuia. Akasogeza kile kichwa kikavu karibu.

"Futa machozi, uangalie ndani. Unaona nini nyuma ya meno ya mbele?"

Somoe akachungulia. "Meno mengine."

"Na nyuma yake?"

"Mengine tena. Yamelala."

"Yanangoja zamu. Papa akipoteza jino, linazama baharini, linafukiwa na tope. Hakuna anayeliokota. Na jingine linakuja. Sasa niambie, Somoe. Papa ana bati?"

Somoe akafikiri. Papa. Chini ya maji. Na nyumba ya bati.

"Hana," alisema. Na kicheko kidogo kikamponyoka. Kidogo sana, lakini mama alikisikia.

"Hana bati, na meno yanaota," alisema Bi Arafa. "Lako pia linangoja zamu." Akabeba kapu lake, akaenda zake na mbwa wake nyuma.

Siku zikapita. Mvua bado. Pengo bado. Kila usiku Somoe alipeleka ulimi pale. Laini. Tupu. Akaanza kuhuzunika tena.

Usiku mmoja, baada ya kula, mama alimfunika shuka. Ti, ti, ti, juu ya bati. Somoe akapeleka ulimi pale.

Kwaru!

"Mama! Mama! Msumeno! Limeota la papa!"

Mama akaja na tochi. Mfaume naye akaja, mbio. Wakachungulia kinywani.

Jino dogo jeupe lilikuwa limechungulia kwenye ufizi. Ukingoni lilikuwa na vinundu vitatu vidogo.

"La mtu hilo," alisema mama. "Ya mbele yakiota huja hivyo, na vinundu. Utakula mahindi, vitalainika. Mfaume, fungua mdomo."

Mfaume akafungua. Somoe akagusa jino jipya la Mfaume kwa kidole. Kwaru!

"Hata wewe!" alisema Somoe. Akacheka. Akacheka mpaka shuka likaanguka, na mkono haukwenda mdomoni.

"Nilikutania tu siku ile," alisema Mfaume. "Samahani, Somoe."

Jino jeusi Somoe ameliweka ndani ya kiberiti kitupu, chini ya mto. Na jino lake jeupe?

"Liko kwenye tope la Namkongo," alisema, macho yanafumba. "Litakuwa jiwe. Halafu mtoto mmoja atachekecha, chwa, chwa, chwa. Ataliokota. Atauliza, jino la nani hili?"

"Na atajibiwaje?" aliuliza mama.

"Hili ni jino la Somoe."

Mama akazima tochi. Mvua ikanyesha. Somoe akalala, mdomo wazi.

Hadithi yangu imekwisha. Peleka ulimi kwenye meno yako, uyahesabu, ulale.