Mara ya Saba Kutunza Saa

Jumatano saa kumi jioni, duka la Jasbir la kuchapisha karatasi, mjini Thika, lilikuwa limejaa pomoni. Mwendwa, gauni la kijani na raba nyeupe, aligombana na mashine iliyomtolea picha isiyo yake: mkono uliokatika kidole.

"Woi! Ni za nani hizi?"

"Ni zangu," alijibu kijana mrefu mwenye ovaroli la buluu. "Za mafunzo ya usalama kiwandani. Na mimi nimeshika zako. Ratiba ya Klabu ya Wasemaji. Mbona kwa mtunza saa hakuna jina?"

"Mwenye kazi ameniangusha. Wewe leo jioni uko na shughuli?"

"Sina."

"Unaitwa nani?"

"Ngigi."

Akaliandika papo hapo. Jasbir, aliyekuwa akiwatazama juu ya miwani, alisema hajawahi kuona mtu akiajiriwa upesi namna ile.

Mwendwa ndiye aliyegawa majukumu ya kila wiki katika klabu hiyo ya kujizoeza kuhutubu: nani ahutubu, nani aongoze kikao, nani atathmini hotuba, nani atunze saa. Ngigi naye alikuwa na haja yake. Kiwandani walimpa miezi miwili na nusu tu: asimame mbele ya wafanyakazi mia mbili awafundishe usalama, au nafasi ya ukufunzi ipewe mwingine. Na Ngigi, mbele ya watu, alikuwa anaganda.

Aliganda wiki ya pili tu, alipoitwa kuzungumza papo kwa papo. Dakika nzima bila neno. Mtu mmoja nyuma akacheka, na Mwendwa akaumia kama aliyechekwa ni yeye. Tangu siku hiyo kila ratiba ilisema: Ngigi, mtunza saa. Aliketi mbele na kadi zake za kijani, manjano na nyekundu za kumwonyesha msemaji muda unavyokwisha, lakini macho yake yalikuwa kwa mgawa kazi. Wakapendana, tena vibaya sana! Simu zilianza kabla ya chai ya asubuhi.

"Umeamka, sweetie?" Mwendwa angeuliza.

"Bado. Naota."

"Unaota nini?"

"Naota umewacha maswali ukakuja Makongeni tukule mahindi choma."

Wiki ya saba ratiba ikaingia kwenye grupu. Ngigi akapiga simu.

"Mwendwa, saa tena? Nimeomba kuhutubu mara nne!"

"Lakini unaifanya poa, babe."

"Nimebakisha wiki tatu. Niambie ukweli."

"Sitaki wakucheke tena. Siwezi vumilia."

"Kumbe unanionea aibu."

"Aki sivyo! Ngigi, skiza..."

Simu ikakatwa. Ngigi akahamia klabu ya Ruiru. Mwendwa alimpigia mara kumi na moja, hakupokea. Wiki mbili aligawa kazi za wenzake huku akifuta machozi kwenye karatasi.

Halafu akapigiwa na Saida, mwenyekiti wa klabu ya Ruiru. Klabu hizi huazimana watu nafasi ikibaki wazi.

"Mwendwa, mtathmini wangu ni mgonjwa. Niokoe leo."

"Namtathmini nani?"

"We kuja tu, dada."

Alifika amevaa blauzi nyekundu, akasoma jina la msemaji kwenye ratiba: Ngigi. Mwenyewe alikuwa ameshasimama mbele, suti ya kijivu, viatu vimeng'arishwa.

Alianza vizuri. Dakika ya tatu akaganda, mdomo wazi. Mwendwa alilijua neno lililofuata; hotuba hiyo ya usalama alikuwa ameisikia kwenye simu zao za asubuhi. Akataka kumsaidia, halafu akajizuia, akaikalia mikono yake mwenyewe. Ngigi akamwona pale, amenyamaza, anamngoja tu. Akavuta pumzi, akaendelea mpaka mwisho, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Ikawa zamu ya Mwendwa.

"Ndugu Ngigi, sauti yako imefika hadi nyuma. Kosa nimeliona moja, na ni langu. Nilikunyima nafasi wiki baada ya wiki, nikadhani huko ndiko kukupenda. Nisamehe."

Ngigi akainua mkono. Saida akatikisa kichwa. "Mtathmini hajibiwi. Hiyo ni sheria."

Watu wakacheka. Ngigi akangoja kikao kiishe huku akitapatapa kitini, kisha akamkimbilia nje, kando ya barabara, penye honi na wauza ndizi.

"Nilitaka kujibu kwamba nimekusamehe. Jumatatu nawahutubia wale mia mbili," alisema akihema.

"Utaweza. Najua utaweza!"

"Na nikimaliza, nataka kukuja kwenu na wazee. Mwendwa, nataka u... nataka..."

Akaganda. Mwendwa alilijua neno hilo, alilitamani kwa moyo wote, na lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake mwenyewe. Hakulisema. Aliushika mkono wa Ngigi akasubiri. Magari yakapita. Mwuza ndizi mmoja akaacha kuita wateja akawatazama.

"Nataka uwe bibi yangu," Ngigi akasema, lote, bila kusaidiwa.

"Ndio," Mwendwa akajibu, na hapo ndipo alipolia.