Jiwe Linaloelea na Jiwe Linalozama

Kila asubuhi Wachuka wa Gilgil aliwasha redio na kumsalimia mtangazaji. Mtangazaji hakujibu. Wachuka alimsamehe, maana hata mwanawe Hiram, aliyefanya kazi Mombasa, hakuwa mwepesi wa kushika simu. Mzee wake alishafariki. Siku nzima ingeweza kupita bila mtu kumwita jina.

Hiram alikuwa amemletea tangi la maji. Wachuka alifurahi, kwa sababu mitungi ya kutoka kisimani ilikuwa imemmaliza mgongo. Lakini tangi linataka msingi wa mawe, na mawe yanataka mikono. Kuwasumbua majirani aliona haya. Basi akachagua mawe ambayo mama mzee anaweza kubeba peke yake: yale meupe yenye matundu, ambayo watu husugulia visigino. Akajenga, akajisifu, kuku wakashuhudia.

Mvua ikanyesha, tangi likaanza kujaa. Kulipokucha alilikuta limeinama kama mlevi anayetafuta mlango. Mawe ya chini yalikuwa yakimeguka. Tangi likianguka litapasuka, na yeye atarudi kwenye mitungi. Akafungua bomba, maji yakaenda zake. Kisha akajikaza, akaenda kwa jirani yake Cheptoo, mwanamke fundi aliyefanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya mawe.

Cheptoo aliutazama ule msingi. "Mama Hiram, umeweka tangi juu ya sponji."

"Sponji haikunivunja mgongo," Wachuka akajibu.

Cheptoo akaomba beseni la maji. Akatia jiwe jeupe, likaelea. Akatia jeusi la ukubwa uleule, likazama. Akaeleza kwamba yote mawili yalitoka chini ya ardhi yakiwa yameyeyuka kwa moto, kama uji.

"Hili jeupe linaitwa pumisi," alisema. "Uji wake ulikuwa mzito, gesi ikakwama ndani. Volkano ilipolipuka, ukatoka kama soda iliyotikiswa. Povu likarushwa juu, likapoa upesi, matundu yakabaki."

"Na hili jeusi?"

"Hili ni basalti. Uji wake ulikuwa mwepesi. Ulitiririka juu ya ardhi, gesi nyingi ikatoka, ukapoa ukashikana. Ndiyo maana ni zito na gumu. Msingi unataka hili."

Akamwambia asiitupe pumisi. Aiponde, aichanganye na udongo wa miche. Itashika maji, na mizizi itapata hewa.

Wachuka akalisukuma lile jeusi kwa kidole. "Hili siliwezi peke yangu."

"Kwani nani amesema ubebe peke yako?"



Jumamosi wakayabeba mawe meusi wote wawili, huku wakitukanana kwa upendo. Cheptoo akajenga upya. Mvua iliporudi, tangi lilijaa mpaka juu na halikutikisika. Miche ya mboga za sukuma wiki ikashika vizuri.

Kisha boma likawa kimya tena. Redio ikaongea, kuku wakasikiliza.

Ndipo Wachuka akaenda kwa Cheptoo na uso wa shida. Akasema kuna basalti moja imebaki njiani, imemshinda kabisa, anaogopa itamwangusha mtu.

Cheptoo akaacha kazi yake, akaja. Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kama mkate. Alilitazama, akamtazama Wachuka. Akainama, akashika upande mmoja, akangoja mwenzake ashike ule mwingine.