Nyenje wa Boksi la Pili

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Chiriku alipiga magoti mbele ya maboksi mawili ya plastiki na kuwahudumia nyenje. Aliokota waliokufa, akafuta unyevu chini, akasimamisha upya trei za mayai walizojifichia, kisha akawawekea vipande vya karoti na majani mabichi. Bakuli la maji halikuwekwa kamwe. Nyenje hawajui kuogelea, tena wana ujinga wa kujitosa wote kwa pamoja. Maji yao waliyapata kwenye karoti na majani. Jina la Chiriku alipewa na kaka yake kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Hata nyenje aliwapigia soga.

Nyenje hao walikuwa chakula cha vinyonga wawili wa kaka. Kaka alikuwa fundi rangi mpaka siku jukwaa la ujenzi lilipokatika, akaanguka kutoka ghorofa ya pili. Ulikuwa mwezi wa saba sasa tangu aanguke, mguu una vyuma na kitanda kimesogezwa dirishani. Marafiki walikuja wiki za mwanzo, kisha wakaadimika. Waliobaki ni vinyonga, ndani ya kizimba cha wavu karibu na mto wake. Mmoja, Jaji, alimtazama kila mgeni kwa jicho moja, taratibu, kana kwamba anafikiria amfunge miaka mingapi. Mwenzake, Bi Harusi, alibadilisha rangi mara nne kabla ya kukubali kula. Mama aliwaogopa, akiingia chumbani alipita kwa kuambaa ukuta. Lakini hakuwahi kusema watolewe. Alijua kuwa siku ambazo kaka hakuzungumza na mtu, alizungumza na Jaji.

Majani ya nyenje yalitoka kwenye bustani ya jirani, mkulima wa mboga, aliyewaruhusu kuchuma bure kwa sharti moja. Tuta alilopulizia dawa ya wadudu alilichomekea fimbo yenye kitambaa chekundu. Kitambaa kikiwepo, hakuna kugusa hata jani moja mpaka akiondoe mwenyewe.

Ijumaa moja Chiriku alichelewa kuamka. Tuta lisilo na kitambaa lilikuwa mwisho kabisa wa bustani, ng'ambo ya tope, naye alikuwa amevaa viatu vya shule alivyoving'arisha jana yake. Tuta lenye kitambaa lilikuwa hapo hapo miguuni pake. Akaangalia huku na huku, akachuma konzi moja. Aliyaosha majani bombani mara mbili, akajiambia maji yamemaliza kazi. Akayatia yote kwenye boksi la pili, lenye nyenje wakubwa waliofikia kuliwa, akakimbilia shule.

Aliporudi mchana boksi la pili lilikuwa kimya. Wale madume waliozoea kulia mpaka mama akaziba masikio hawakutoa sauti. Alipofunua kifuniko, nyenje wengi walikuwa wamelala chali, miguu ikitetemeka. Wengine walizunguka mahali pamoja kama walevi. Alijua mara moja ni yale majani, na hofu ikamshika, si hofu ya nyenje bali ya kuulizwa.

Akayatoa majani. Akawakusanya waliokufa kwenye gazeti na kuwatupa chooni.

"Chiriku," kaka aliita kutoka chumbani, "Jaji ana njaa. Ananiangalia vibaya."

Chiriku angeweza kuchukua nyenje wadogo wa boksi la kwanza, lakini kaka angeuliza wakubwa wako wapi. Akachagua wanane waliokuwa bado wanatembea, akawatia kwenye kikombe, akampelekea. Kaka aliinua kikombe kwenye mwanga.

"Mbona wamepoa? Wazima hawa?"

"Wazima," alisema Chiriku. "Ni baridi tu."

Ulimi wa Jaji ulitoka mara saba. Bi Harusi alikula mmoja, akageuza uso. Chiriku alisimama pale akitazama mpaka mwisho. Jioni mama aliuliza imekuwaje leo nyumba haina kelele.

Asubuhi Jaji alikuwa chini ya kizimba, mweusi, mdomo wazi, miguu ikikaza na kulegea. Bi Harusi alikuwa tawini, lakini amefumba macho, na kinyonga mzima hafumbi macho mchana. Mama alimpigia simu daktari wa mifugo, naye akafika kwa pikipiki na mkoba wake. Alimgeuza Jaji kiganjani, akamsikiliza kifua.

"Ni sumu, au ni mapafu," alisema. "Dalili zinakaribiana, lakini dawa ni tofauti kabisa. Nikimpa dawa ya sumu na hana sumu, nitakuwa nimemuua mimi. Jana amekula nini?"

"Nyenje wa hapa hapa," kaka alijibu. "Mdogo wangu huwakagua mwenyewe. Nilimuuliza, akasema wazima. Huyu hawezi kunidanganya."

Daktari alianza kufungua chupa ya dawa ya mapafu. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimtazama Bi Harusi aliyeng'ang'ania tawi kwa mguu mmoja, na machozi yakamtoka.

"Ni sumu," alisema. "Nilichuma majani kwenye tuta la kitambaa, lililopuliziwa dawa. Nyenje walianza kufa jana, nikawaficha."

Hakuna aliyemfokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Daktari alisema tu, "Niletee jina la hiyo dawa, haraka." Chiriku alikimbia kwa mkulima kupitia kwenye tope, bila kukumbuka viatu. Mkulima alikuja na chupa yenyewe. Daktari akaisoma, akawachoma sindano wote wawili.

Jaji alikufa kabla ya saa sita mchana. Bi Harusi alifumbua jicho moja Jumapili jioni.

Siku tatu kaka hakusema na Chiriku. Chiriku aliwafukia nyenje waliobaki wa boksi la pili kwenye shimo refu, kuku wasiwadonoe, akalisugua boksi kwa sabuni na kulianika juani. Siku ya nne aliitwa chumbani. Kizimba kilikuwa na kinyonga mmoja.

"Unajua nini kilimuua Jaji?" kaka aliuliza.

"Majani."

"Majani yaliwaua nyenje. Lile ni kosa la haraka, na haraka mimi naijua. Siku ile niliona ubao wa jukwaa umelegea, nikapanda hivyo hivyo ili niwahi kumaliza ukuta." Aliutazama mguu wake. "Lakini mimi nilikuuliza, wewe ukanijibu. Jaji aliuawa na jibu lako. Kama ungesema kweli Ijumaa, tungepoteza nyenje tu. Na kama ungenyamaza Jumamosi, tungewapoteza wote wawili."

Chiriku alilia bila kujificha. "Nisamehe, kaka."

"Nitakusamehe. Leo bado naumia." Alielekeza kidole mlangoni. "Mimi sitembei. Yaliyo nje ya mlango huu nayajua kwa kuambiwa na wewe. Kukosea utakosea tena, kila mtu hukosea. Ukikosea, njoo uniambie palepale, hata kama nitakasirika."

Mama, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta, alisema kazi ya nyenje ataifanya yeye, japo atafanya akiwa amefumba macho.

"Hapana, mama," kaka alisema. "Ni kazi yake. Kalete chakula cha Bi Harusi, Chiriku. Boksi la kwanza."

Chiriku alileta nyenje wanne. Hakukiachia kikombe mpaka alipowatazama mmoja mmoja kwenye mwanga wa dirisha.

"Watatu wazima," alisema. "Huyu wa nne anaburuta mguu. Sijui ana nini."

"Mtoe," kaka alisema, akanyoosha mkono kupokea kikombe.