Chiriku na Kengele ya Redio

Kabla redio mpya haijaingia nyumbani, kazi ya kuamsha watu ilikuwa ya Chiriku. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliianza mwenyewe akiwa darasa la pili, na alipofika darasa la sita ilikuwa yake kabisa, hakuna wa kumgusa. Alfajiri, giza likiwa bado limeng'ang'ania madirisha, alitoka kitandani, akapita koridoni miguu mitupu na kuanza kuimba. Wimbo aliutunga papo hapo. Siku moja ulihusu chai inayopoa, siku nyingine soksi za mdogo wake zilizotoroka nyumbani. Jina la Chiriku alilipata kwa mdomo huo usiochoka.

Baba yake alikuwa msimamizi wa pampu ya maji. Kila alfajiri alitakiwa kuwa mtamboni kuwasha pampu, ili maji yapande kwenye tangi kubwa la mlimani na mabomba ya mji yatoe maji watu wakiamka. Tatizo ni kwamba baba alikuwa na usingizi wa pono. Ilibidi Chiriku amwimbie, amfunue shuka, amvute vidole vya miguu, ndipo afungue jicho moja na kusema:

"Haya, chiriku wangu, nimeamka. Bila wewe mji huu ungenawa mate."

Maneno hayo yalimtosha Chiriku kutwa nzima. Hata mwalimu akimgombeza, moyoni alijisemea kwamba mwalimu mwenyewe alioga asubuhi ile kwa sababu yake.

Kisha akaja mtoto wa shangazi. Shangazi alikuwa amehamishwa kikazi mbali, mahali pasipo na shule karibu, basi binti yake akaletwa kukaa kwa mjomba. Alikuwa rika moja na Chiriku, darasa moja, kitanda kimoja. Alikuwa mpole, wa maneno machache, lakini mikono yake haikujua kutulia. Haukupita muda akawa amekaza bawaba ya mlango uliokuwa ukilia na kutengeneza pasi ya mama iliyotupwa uvunguni. Baba akambandika jina: Fundi.

Redio ilifika baada ya hapo. Mfanyakazi mwenzake baba alikuwa anahama, akamwachia. Ilikuwa redio kubwa ya sebuleni, yenye spika mbili ndefu na kioo kidogo kinachoonyesha saa. Ungeweza kuiwekea kengele: unachagua wimbo, unachagua saa, na wakati ukifika redio inawaka yenyewe na kuimba. Kijitabu cha maelezo tu ndicho kilichokuwa kimepotea.

Jioni ile ile baba akajaribu. Yeye huamka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo aliweka kumi na moja, akalala akitabasamu. Alfajiri redio ikanyamaza kimya. Ni Chiriku aliyemvuta vidole kama kawaida. Lakini saa tano asubuhi, wote wakiwa kazini na shuleni, redio ikalipuka kwa muziki mpaka mama mshonaji, jirani yao, akatoka nje na sindano mkononi. Jioni alipowaona alisema, "Mmefanya sherehe, na jirani hamkunialika!"

Walicheka wote. Aliyecheka zaidi ni Chiriku.

"Mjomba," Fundi akasema taratibu, "redio hii haihesabu kama sisi. Sisi tunaanza kuhesabu kunapokucha, yenyewe inaanza katikati ya usiku. Saa kumi na moja yetu ya alfajiri, kwake ni tano."

Baba akajipiga paja. "Lo! Oneni kichwa hicho! Mimi mtu mzima nimeshindwa!"

Chiriku akaacha kucheka.

Fundi aliketi mbele ya redio, akabonyeza hiki na kile, na kila mtu akawekewa wimbo wake. Wa baba ulikuwa wa dansi, wenye tarumbeta. Wa mama ulikuwa wa gitaa la taratibu, wa mdogo wao ulikuwa wa watoto wakiiga sauti za wanyama. Kengele ikiwa tayari, picha ndogo ya kengele ilionekana kwenye pembe ya kioo.

"Na wewe nikuwekee upi?" Fundi akamwuliza Chiriku.

"Mimi siamshwi na spika."

Alfajiri iliyofuata Chiriku alitoka koridoni, wimbo ukiwa tayari kooni, tarumbeta zikamtangulia. Kabla hajafika mlangoni baba alikuwa ameshatoka, mswaki mdomoni, akiyumbisha mabega kwa muziki. "Fundi!" aliita. "Leo umeniamsha kama mfalme!" Akampita Chiriku, akampapasa kichwa bila kumtazama.

Chiriku alirudi kitandani akajifunika gubigubi. Kitu kizito kilimkaa kifuani, naye alikijua jina. Kilikuwa kijiba cha roho.

Tangu siku hiyo hakuna alichofanya Fundi kisimchome. Mama akisema, "Mtazame mwenzako anavyokunja nguo," roho inamuuma. Baba akirekebisha kitu na kumpa Fundi tochi amshikie, Chiriku anaikodolea macho ile tochi, maana zamani mshika tochi alikuwa yeye. Shuleni aliiga sauti ya upole ya Fundi ili wenzake wacheke, nao wakacheka, lakini Fundi hakusema kitu, na ukimya huo ukamkera Chiriku kuliko matusi. Aliacha kuamka mapema. Angeamka kumwimbia nani?

"Njoo nikufundishe kuweka kengele," Fundi alimwambia siku moja. "Si ngumu."

"Sina shida nayo," Chiriku akajibu. Lakini macho hayakuwa na kiburi kama mdomo. Aliangalia kwa wizi wizi, akajua ni kitufe gani huleta ile picha ya kengele na ni kipi huiondoa.

Jumapili moja, wakati wa chakula cha jioni, baba alisema, "Kesho sitaki mchezo. Tangi limeoshwa leo, ni tupu. Nisipowasha pampu mapema mji mzima utakauka."

"Usijali, Mjomba," Fundi akasema. "Kengele nimeshaiweka."

Chiriku alishusha macho kwenye sahani. Mtu mwingine angesikia habari ya tangi tupu akaogopa. Yeye alisikia nafasi yake ikibisha hodi. Redio ingenyamaza, na yeye angemwamsha baba, siku ile ambayo kuamshwa kuna maana kuliko siku zote. Hakutaka mtu aumie. Alitaka tu aitwe tena chiriku wangu.

Fundi alipokuwa jikoni akisuuza vyombo, Chiriku alipita sebuleni, akabonyeza kitufe. Picha ya kengele ikatoweka, na nyimbo zote za asubuhi pamoja nayo.

Alilala akiwa anatunga wimbo wa kesho. Aliutunga, akaubadilisha, akamwona Fundi akiaibika, akamwona baba akimkumbatia, na furaha ikamkimbizia usingizi. Ulipomjia hatimaye, ulimjia mzito kama wa baba yake.

Kilichomwamsha ni sauti ya mama. "Baba watoto! Jua hilo ukutani!"

Baba alitoka mbio, vifungo vya shati vimepishana, kiatu kimoja kikiwa mkononi. Chiriku alikwenda bafuni akafungua bomba. Bomba likakohoa mara moja, likatoa pumzi, likanyamaza.

Njiani kwenda shule alipita mbele ya kituo cha afya. Mkunga wa pale, mama anayekaa mtaa wao, alikuwa anavuka barabara karibu kukimbia, sare yake imelowa, ndoo ya maji ya kisima mkononi.

"Msaidieni muuguzi mwenzangu na ile ndoo nyingine!" aliwaambia vijana waliokuwa wamesimama. "Kuna mama amejifungua sasa hivi, na bombani hakuna hata tone la kunawia mikono!"

Chiriku alitembea haraka bila kugeuka. Shuleni vyoo vilifungwa na wanafunzi wadogo wakalia kiu. Maji yalirudi mchana, machafu kwanza, kisha safi. Yeye hakuyanywa.

Jioni baba alirudi amenyong'onyea. Alikuwa amepewa onyo kazini. Aliketi, akavua kofia, akamwita Fundi.

"Mwanangu, uliniambia umeweka kengele."

"Niliweka, Mjomba. Kweli niliweka."

"Basi uliweka vibaya. Watu wazima tumemwachia mtoto jambo kubwa, kosa ni langu pia. Kuanzia leo usiiguse tena redio hiyo."

Baba hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sawa, Mjomba," Fundi alisema, akaenda chumbani.

Hapo ndipo Chiriku alipopata alichokitaka. Kwa kitambo kidogo kabisa kilikuwa kitamu. Fundi ameanguka, na hakuna aliyeona nani amemsukuma. Kisha utamu ukageuka shubiri. Alimfuata chumbani.

Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, vidole vyake vikibonyeza goti lake, kimoja baada ya kingine, kama vile goti lilikuwa redio.

"Nimekumbuka kila kitufe," alisema bila kuinua uso. "Sijui nilikosea wapi. Unadhani Mjomba atanirudisha? Mama hana pa kuniweka."

Chiriku alifunga mlango nyuma yake.

"Hukukosea," alisema. "Ni mimi. Niliizima."

Fundi aliinua uso. "Kwa nini?"

"Kwa sababu... kabla hujaja, baba alikuwa anaamshwa na mimi."

"Nenda ukamwambie," Fundi akasema. Sauti yake ya upole ilikuwa imekauka. "Si mimi. Yeye."

Chiriku alirudi sebuleni. Alisimama mbele ya baba na mama, akasema yote: wivu, kitufe, wimbo alioutunga, usingizi uliomsaliti, mkunga na ndoo yake. Hakuficha kitu wala kujitetea. Alipomaliza alikuwa analia.

Baba akauliza: "Ulinisikia nikisema tangi ni tupu?"

"Nilisikia, Baba."

"Na bado ukazima."

"Nilizima."

Mama akavuta pumzi. Baba akainuka, na Chiriku akafumba macho, lakini baba alimpita. Alikwenda hadi mlango wa chumbani. "Fundi," aliita, "nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu kabla ya kuuliza vizuri. Hapa ni kwenu, hakuna wa kukurudisha popote." Kisha akamgeukia Chiriku. "Kesho ukitoka shule, wewe na mimi tunakwenda kwa mkunga. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako."

Mkunga aliwasikiliza mikono ikiwa kiunoni. Chiriku alitarajia makofi au mahubiri. Mkunga alimwonyesha mapipa mawili nyuma ya jengo. "Haya ni ya akiba. Jana yalikuwa makavu. Yasafishe, uyajaze." Alipoyajaza mpaka mabega yakawaka moto, mkunga alimpeleka dirishani. Ndani alilala mama mmoja na kichanga chake, wote wawili wazima. "Mungu ametusitiri," mkunga akasema. "Usirudie tena." Chiriku aliinamisha kichwa.

Wakirudi nyumbani, baba hakumshika mkono, ila alitembea polepole ili waende sambamba.

"Baba, bado unanipenda mimi?"

"Swali gani hilo?" Baba akasimama. "Sikiliza. Kule mtamboni tuna pampu mbili. Moja ikigoma, nyingine inasukuma maji. Sijawahi kuona pampu ikimnunia mwenzake eti leo amesukuma zaidi. Ningekuwa na moja tu, nisingelala kwa raha hata siku moja. Nyumbani ni vivyo hivyo. Fundi kujua redio hakukupunguzia wewe kitu chochote."

"Lakini ulisahau kuniita chiriku wako."

Baba alikuna kidevu. "Hilo ni kosa langu, nami nitalirekebisha. Lakini kumbuka: ungeniambia, ningekusikia. Wivu haukukutuma uje uniambie. Ulikutuma uharibu kazi ya mwenzako, na aliyepata shida ni mama aliyekuwa anajifungua, mtu usiyemjua hata kwa sura. Ukitaka kusifiwa, mwanangu, fanya yako vizuri. Ya mwenzako usiiguse. Na roho ikikuuma, sema mapema, kabla mkono haujafanya jambo."

Jioni hiyo Chiriku alimwomba Fundi msamaha mbele ya wote.

"Nimekusamehe," Fundi alisema, "ila bado nimekasirika."

"Mpaka lini?"

"Nitakuambia." Akasogea pembeni kwenye mkeka mbele ya redio, akaacha nafasi. "Njoo ukae. Kengele ya leo utaiweka wewe, mimi nitaikagua. Kesho tutabadilishana."

Chiriku akaketi karibu naye, akanyoosha kidole, na kwa mara ya kwanza akauliza, "Tunaanza na kipi?"