Dishi Juu ya Bomba la Bibi

Chaneli za kawaida zilikuwa zinaonekana bila tatizo, hata ile ya mapishi ambayo hakuna mtu ndani ya nyumba aliyewahi kuiomba. Zilizogoma ni za HD, na Uledi alilipia kifurushi kikubwa kwa ajili ya hizo hizo. Picha inakuja, inaganda, mchezaji anabaki na mguu mmoja hewani, kisha kioo kinakuwa cheusi na maandishi yanatokea: hakuna mawimbi. Ukizima king'amuzi na kukiwasha, vilevile. Ukichomoa waya ukaupuliza, vilevile. Ukikaa kimya ukajifanya hutaki kuangalia, picha inarudi kidogo, halafu inakata tena.

Uledi anauza spea za magari mtaa wa Gerezani, na mtu wa spea haamini kwamba kitu kinaweza kugoma bila sababu ya kushikika kwa mkono. Alibadilisha waya wote. Akabadilisha na kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Akanunua king'amuzi kingine. Jioni moja akakipiga kofi, na hilo nalo halikusaidia kitu.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, moja kati ya chache zilizobaki upande ule wa Kariakoo. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, na nyuma linajengwa lingine linalowamwagia vumbi la saruji kwenye chakula. Siwema, mkewe Uledi, aliirithi kwa bibi yake. Dishi lilipokuwa juu ya bati lilikuwa linatazama ukuta wa jirani, na ukuta hauna chaneli. Kipande pekee cha anga kilichobaki wazi kilikuwa katikati ya ua, na hapo ndipo lilipokuwa limesimama bomba refu la chuma la bibi.

Bibi alikuwa mganga. Juu ya bomba hilo ilipepea bendera nyeupe ya ruhani wake, na wagonjwa walielekezwa nyumba kwa bendera hiyo. Alipofariki, bendera ikashushwa na ruhani akaombwa aende zake kwa amani. Mzee Mwinyimvua wa Magomeni, aliyesimamia shughuli ile, hakuficha neno. Alisema jini wa ukoo akifiwa na mtu wake hutafuta mwingine kwenye damu ile ile, na huyu alikuwa anamtaka Siwema.

Siwema alimweleza Uledi yote kabla ya ndoa. "Mimi sirithi," alimwambia. "Nataka nizae, nizeeke, na akili yangu iwe yangu mwenyewe. Basi. Lile bomba tuliache kama lilivyo mpaka lioze." Uledi aliapa. Kisha ligi ikaanza, na Uledi akasema bomba ni bomba tu, akalifunga dishi juu yake.

Fundi aliyemwita anaitwa Melkiori, mtu wa kusini, mcheshi, ambaye amefunga madishi nusu ya Kariakoo. Alipanda ngazi na spana zake saa kumi jioni, akaanza kulizungusha dishi kidogo kidogo, huku Uledi yuko sebuleni ameinamia kioo.

"Vipi sasa?"

"Hamna!"

"Na sasa?"

"Hamna kitu, fundi! Nguvu ipo, ubora ziro!"

Melkiori alipangusa jasho, akamwona Siwema anaanua nguo. "Shemeji, hebu nishikie hilo bomba, linacheza."

Siwema hakusogea. "Mume wangu anajua kwamba silishiki."

"Shika tu, mke wangu!" Uledi alipiga kelele kutoka ndani. "Dakika moja tu tumalize, nimechoka jamani!"

Alishika. Sebuleni ule mstari wa ubora ukaruka mpaka mwisho, na picha ikaja safi kiasi kwamba Uledi aliona nyasi za uwanja moja moja.

"Hapo hapo! Usiachie!"

Siwema aliachia, na kioo kikawa cheusi.

Melkiori alikaza kila nati. Akashika bomba yeye mwenyewe, hamna. Akaja Uledi akalikumbatia kwa mikono miwili, hamna. Siwema akaambiwa agusishe kidole tu, na picha ikaja. Melkiori alicheka, akasema labda ni umeme wa mwili, wengine wanao mwingi. Kisha akaacha kucheka, akanusa hewa.

"Nani kachoma udi?"

Hakuna aliyechoma. Melkiori alishuka, akaaga bila kumtazama mtu usoni, na spana yake aliisahau juu ya ngazi. Alipopigiwa simu kesho yake alisema hiyo spana wabaki nayo.

Mtu mwenye akili angeshusha dishi siku ile ile. Lakini Uledi alikuwa na hasira na lile dishi, na hasira ya namna hiyo humfanya mtu mzima awe mpumbavu. Alishawaalika mafundi wa gereji waje kuangalia mechi ya watani wa jadi kwake, kwa HD, na alishawatambia vya kutosha. Jumamosi wakajaa sebuleni. Picha ikaganda mpira ukiwa bado katikati ya uwanja. Wageni wakaanza kuguna, mmoja akauliza kama hiyo ndiyo HD yenyewe, na Uledi akaenda uani.

"Kidogo tu," alimnong'oneza mkewe. "Usiniaibishe mbele ya watu."

"Uledi, naogopa. Jana nilipolala nilihisi bomba bado liko kiganjani."

"Ni mawazo tu hayo." Akamshika mkono, akauweka kwenye bomba, na sebule nzima ikashangilia. "Hapo hapo," alisema. "Usiachie."

Aliachia mara moja kipindi cha kwanza, na mara nyingine kipindi cha pili, na kila mara Uledi alichungulia dirishani na kumwambia ashike, na wageni nao wakaitikia kwa kelele, shika shemeji, usiachie. Tangu hapo picha haikukata tena. Mechi ikaisha, wageni wakaondoka wakisifia, na Uledi aliyekuwa anazima king'amuzi akasikia huko uani kitambaa kinapigwa na upepo, pa, pa, pa, ilhali hapakuwa na upepo na nguo zote zilishaanuliwa, na harufu ya udi ikaingia kwa mlango wa nyuma nzito mpaka macho yakamtoka machozi, na hapo ndipo alipotambua kwamba adhana ya magharibi imepita muda mrefu na mkewe hajaingia ndani, hajawasha taa, hajaita. Alitoka mbio na kumkuta amesimama pale pale gizani, mikono yote miwili kwenye bomba, khanga imemwanguka mabegani, anamtazama kwa utulivu ambao mwanamke huyu hajawahi kuwa nao tangu amfahamu.

"Siwema?"

"Marahaba," alijibu, na hakuna aliyemwamkia.

Uledi alijaribu kumbandua vidole, hakuweza kuinua hata kimoja.

Mzee Mwinyimvua, aliyepigiwa simu, alifika baada ya isha. Alifukiza ubani, akasoma kwa sauti ya chini, kisha akauliza: "Nani kakupa mtu huyu?"

"Mumewe." Sauti ilikuwa ya Siwema, lakini taratibu, ya mtu mkubwa. "Alimshika mkono, akauweka hapa. Akamwambia asiachie. Mbele ya mashahidi, na mashahidi wakaitikia."

Mzee alifumba macho. Alimvuta Uledi pembeni. "Unajua bibi alivyokuwa akiwakabidhi wateja wake kwa ruhani? Mwenye dhamana ya mwari, mume au mzazi, alimleta mwari kwenye bomba hili, akamwekea mkono, akamwamuru ashike, na watu wakashangilia. Ndiyo ilikuwa shughuli yenyewe, haina nyingine. Wewe umeifanya mwanzo mpaka mwisho."

"Mimi nilikuwa natafuta mawimbi, mzee," Uledi alinong'ona. "Nilikuwa naangalia mpira."

"Najua."

"Basi mtoe. Nakuomba."

"Aliyevamia ningemtoa. Huyu kakaribishwa na mwenye dhamana. Tutakachoweza ni kuongea naye kwa adabu, ili amwachie mkeo siku zake na yeye awe na zake."

Ndivyo walivyopatana. Uledi alishusha dishi kwa mikono yake, akalipiga nyundo hapo hapo uani huku analia kwa sauti, na hakujali kama ghorofani wanamchungulia. Bendera nyeupe ikarudi. Vidole vya Siwema vikalegea, akaanguka mikononi mwa mumewe, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Nilikwambia." Uledi angeona heri angemtukana.

Sasa zipo siku Uledi akirudi kutoka Gerezani anafunguliwa mlango na Siwema halisi, anayelalamika kuhusu vumbi la saruji na kumuuliza amekula nini mchana. Zilikuwa nyingi, siku hizi zinapungua. Siku nyingine anakuta barazani viatu vya wagonjwa, na chumba cha bibi kimefungwa.

Alhamisi iliyopita alirudi mapema na habari njema. Mdogo wake Siwema, Badria, alikuwa amejifungua salama mtoto wa kike, baada ya kumpoteza wa kwanza, na Siwema alimwombea sana. Uledi aligonga mlango wa chumba.

"Nani?" Sauti ilikuwa ya upole.

"Mimi. Nina ujumbe kwa mke wangu."

"Hawezi kuja mlangoni, baba. Niambie mimi."

Uledi alisimama na kofia mkononi, ndani ya nyumba yake, akaeleza kila kitu kwa adabu, uzito wa mtoto, afya ya mama, kama mtu anayeacha ujumbe kwa jirani. Alipomaliza akauliza, "Utamwambia?"

"Hakuna haja. Anakusikia," sauti ikasema. "Ndiyo maana analia."