Samaki Wasioitika Hodi

Nyumba ya Diep inaelea juu ya Mto Hau, katika mji wa Chau Doc. Chini ya sakafu yake kuna kizimba cha kambare. Kila asubuhi Diep hufunua ubao, hugonga sakafu mara tatu kwa kisigino, na samaki hupanda wakigombania chakula. Diep huringa kwa hodi yake hiyo, na ana haki ya kuringa. Mto mzima hakuna mwingine aliyewafundisha samaki kuitika kabla yake.

Asubuhi moja aligonga, wasiitike. Akagonga tena. Wachache walielea ubavu, wakizunguka kama walevi.

"Vimelea vimewapanda kichwani!" alimwambia Tho, mumewe. "Lete ile dawa ya minyoo ya ng'ombe niwaongezee."

"Si juzi tu uliwachanganyia kwenye chakula?"

"Ile ilikuwa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha mkono wangu! Miaka ishirini nafuga, leo wewe ndiye wa kunifunza?"

Tho alipiga kasia hadi kwa Hanh, binti wa jirani, mtaalamu wa samaki, akarudi naye. Hanh alimkuta Diep ameshika chupa, machozi yanamlengalenga.

"Shangazi, weka chupa chini kwanza."

"Watakufa, mwanangu!"

"Chupa hiyo ndiyo inayowaua. Ubongo wa ng'ombe una ukuta wa kuizuia dawa hii. Wa samaki ukuta wake ni dhaifu. Dawa ikizidi inapenya, inavuruga mishipa ya fahamu. Samaki anasahau hata kula."

Diep aliketi. "Kumbe nimewalevya mwenyewe!"

"Waliitika vizuri lini mara ya mwisho?"

"Juzi, kabla ya dawa. Jana walijivuta."

"Basi hodi yako ilijua kabla ya hadubini yangu. Kipimo hicho usikiache."

Hanh alikwangua matamvua ya samaki mmoja, akatazama kwa hadubini. Vimelea vilikuwa vichache tu.

"Osha nyavu za kizimba, punguza msongamano. Dawa iwe ya samaki tu, tena kwa kipimo, nikishaona ugonjwa. Na usiuze wala kula hata mmoja mpaka niwapime."

Diep alitii, ingawa ilimuuma. Samaki thelathini na mmoja walikufa. Waliobaki aliwachungulia kutwa nzima.

Siku ya kumi na mbili aligonga mara tatu. Kimya. Tho akashika kichwa. Ghafla maji yakamrukia Diep usoni, samaki wakapanda wakisukumana.

"Umewaona?" alipiga kelele. "Wananijua hao!"

Siku hizi majirani nao wamewafundisha samaki wao, na visigino hugonga sakafu nyumba hadi nyumba. Samaki wakichelewa kuitika, mwenye kizimba humwita Hanh kabla ya kugusa chupa.

Wageni wakiuliza nani aliyewafunza wafugaji hao, Diep hunyoosha shingo.

"Mambo ya dawa tumefunzwa na Hanh," husema. "Kugonga ni kwangu mimi."